Macho Mekundu ya Vikongwe Hutokana na Jiko

Katika vijiwe vya mjini Bariadi, na katika misiba ya Itilima, Maswa na Meatu, bado husikika kauli kwamba mwanamke mzee mwenye macho mekundu ni mchawi, na wanaoitamka si watu wasioona mlango wa shule, bali wamo wenye vyeti, maduka na hata ajira za umma. Kauli hiyo ni ya uongo, nayo imeua, kwa kuwa kwa miongo mingi vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, na ushahidi uliotajwa dhidi yao mara nyingi ulikuwa rangi ya macho. Ukweli ambao watu wazima wengi huujua wakiwa wamechelewa mno ni kwamba wekundu huo huletwa na moshi wa jikoni.

Maelezo yake yanaanzia kwenye ardhi yenyewe. Eneo la Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ambalo leo limo katika Mkoa wa Simiyu na lililokuwa sehemu ya Shinyanga hadi 2012, lilifyekwa miti yake kwa sababu ya vita dhidi ya mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe, hata ikalazimu mwaka 1986 kuanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kurudisha uoto. Kuni zilipoadimika, wanawake waliwasha miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, nishati zenye moshi mzito, ndani ya vibanda vidogo visivyo na dirisha. Moshi huo hubeba chembechembe laini na gesi zenye kuwasha, ambazo huchoma konjuktiva, yaani utando mwembamba unaofunika sehemu nyeupe ya jicho. Mishipa midogo ya damu iliyomo hutanuka, na mtu anayeinamia mafiga tangu utotoni hadi uzeeni, akichemsha michembe na kusonga ugali kila siku, hubaki na macho mekundu. Vumbi, jua kali na trakoma, yaani ugonjwa wa vikope unaosababishwa na bakteria, huongeza madhara hayo.

Wapo wanaouliza kwa kujiamini mbona wazee wa kiume wa kaya hiyo hiyo hawana macho ya namna hiyo. Swali hilo linajijibu lenyewe, kwa kuwa mzee huyo hakuwahi kukaa jikoni: aliletewa chakula chini ya mti, akanawa, akala, akaondoka, na leo anatumia weupe wa macho yake kumhukumu mwanamke aliyempikia. Mtoto yeyote aliyewahi kupuliza moto anajua kwamba moshi huwasha macho, na ni aibu kwamba akikua huambiwa asahau.

Wapiga ramli ndio wanaofaidi usahaulifu huo, maana hulipwa kwa kumtaja jirani. Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku mwaka 2015, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, lakini Sheria ya Uchawi iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928 bado inauchukulia uchawi kuwa jambo la kushtakiwa, na hivyo inaipa imani hiyo heshima isiyostahili. Wala mkono wa chuma haukusaidia: mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi huko Shinyanga na Mwanza kufia mikononi mwa vyombo vya dola.

Moshi wenyewe unaweza kupunguzwa: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, na vijiji vya Simiyu vinapaswa kufikiwa mapema, kabla ya miji ambayo tayari ina gesi. Lakini kusema ukweli hakungoji mtungi. Padri, mchungaji, shehe, mwalimu na mwenyekiti wa kitongoji wanaosikia kikongwe akitajwa kwa macho yake wasimame hapo hapo, mbele ya waombolezaji, waeleze kazi ya moshi, kisha wamtaje msemaji huyo kwa polisi kabla ya usiku kuingia.