Ufukweni Paje: Wajibu ni wa Mwenye Tiara

Ufuko wa Paje, katika pwani ya mashariki ya Unguja, ni wa watu wote. Maji yanapokupwa, akina mama hushuka kwenda kwenye mashamba yao ya mwani, na wengine huendelea mpaka mwambani kutafuta pweza. Wavuvi hutia nanga ngalawa zao hapo. Watoto hucheza mpira mchangani na kuoga, na wapita njia hutembea kwa miguu pwani pwani kuelekea Jambiani. Katika miaka hii ya karibuni wameongezeka watumiaji wengine, nao ni wale wanaoteleza juu ya maji kwa ubao huku wakivutwa na tiara kubwa. Vijana wa huko huuita mchezo huo kaiti. Sisi tuliokulia vishada vya karatasi na njiti za ukuti hatukudhani kwamba siku moja kishada kitamvuta mtu mzima.

Hakuna mwananchi mwenye busara anayedai kwamba wachezaji hao waondoke. Linalotakiwa kujadiliwa ni jambo moja ambalo limeachwa lijiamulie lenyewe kwa muda mrefu mno, nalo ni hili: mtu ambaye bado anajifunza, aliye na tiara hewani katika ufuko wenye watu, akipotewa na madaraka juu ya tiara yake, ni nani anayepaswa kuhakikisha kwamba hadhuriki mtu mwingine? Ilivyo sasa, desturi inaelekea kusema kwamba ni yule mwingine: akae macho, akimbie, ainame. Maoni ya mwandishi wa makala hii ni kwamba desturi hiyo ni ya kupindua mambo, na kwamba wajibu wote ni wa mwenye tiara, pamoja na aliyemfundisha na aliyemkodisha.

Ili suala hili lieleweke, hatuna budi kwanza kukieleza chombo chenyewe, kwani wengi wanaokiona kwa mbali hukidhania kuwa ni kitu chepesi cha kuchezea. Tiara ya kujazwa pumzi, ambayo ndiyo itumikayo na wengi leo, ilibuniwa Ufaransa na ndugu wawili, Bruno na Dominique Legaignoux, ambao waliisajili kisheria mwaka 1984. Mchezo wenyewe ukaja kuenea duniani mwishoni mwa miaka ya 1990. Tiara ya mtu mzima huwa na eneo la mita za mraba 7 hadi 14 au zaidi, kwa kadiri ya upepo na uzito wa mchezaji. Huunganishwa na mchezaji kwa kamba nyembamba ngumu zenye urefu wa mita 20 hadi 25 hivi, zinazofika kwenye fimbo ya kuongozea aliyoishika mkononi na kwenye mkanda mpana aliojifunga kiunoni. Kamba hizo zinapokazwa na upepo hukata mithili ya waya. Basi mchezaji mmoja hachukui nafasi ya mwili wake tu. Huchukua duara lenye upana wa karibu mita 50, na kila kilichomo ndani ya duara hilo kimo hatarini endapo yeye atakosea.

Tena nguvu ya upepo haiongezeki kwa kadiri ile ile ya mwendo wake. Upepo ukizidi mwendo mara mbili, nguvu yake juu ya tiara huzidi mara nne. Ndiyo maana mtu aliyeingia majini asubuhi akiwa ametulia anaweza kujikuta mchana ananyanyuliwa kama jani, na hali tiara ni ile ile na mikono ni ile ile.

Sasa tuutazame upepo wa Paje. Kaskazi, ivumayo kati ya Desemba na Machi, hutokea kaskazini mashariki. Kusi, ivumayo sana kati ya Juni na Septemba, hutokea kusini na kusini mashariki. Kwa ufuko unaotazama mashariki, pepo zote mbili hupiga kwa mshazari zikielekea nchi kavu. Walimu wa mchezo huu huisifu sana hali hiyo, na kwa upande wao wana haki, kwani mwanafunzi aliyeshindwa hachukuliwi kwenda bahari kuu, bali hurudishwa ufukweni. Lakini neno hilo lina upande wa pili ambao hausemwi. Upepo unaomrudisha mwanafunzi pwani humrudisha pamoja na tiara yake, kamba zake na ubao wake, na upande ule upepo unakoelekea, ambao manahodha wetu huuita demani, hapana bahari tupu. Pana watu. Kwa maneno mengine, usalama wa mwanafunzi umenunuliwa kwa kuhamishia hatari kwa wale waliosimama pwani, ambao hawakuulizwa.

Wala hatari hii haitokani na ubaya wa moyo. Inatokana na maumbile ya binadamu. Katika mchezo huu, mtu anayeivuta fimbo kuelekea kifuani huiongezea tiara nguvu, na anayeiachia huipunguzia. Mwanafunzi anapotishika hufanya nini? Hufanya kama afanyavyo mtu yeyote anayeanguka: hushikilia kwa nguvu zote kile kilichomo mkononi. Hivyo hofu yenyewe ndiyo inayoongeza mwendo wa tiara. Ipo dawa yake, nayo ni kifyatuo kilichowekwa karibu na kiuno, ambacho kikisukumwa huifanya tiara ipoteze nguvu na kubaki imeshikwa kwa kamba moja ya usalama. Kipo na kifyatuo cha pili cha kuitupa tiara kabisa. Hicho ni cha kutumiwa panapokuwa hapana njia nyingine, kwa sababu tiara iliyotupwa huruka peke yake kuelekea huko huko demani. Mtu hawezi kuvijua vifyatuo hivyo kwa kuelezwa. Hana budi kuvitumia tena na tena mpaka mkono uende wenyewe kabla ya akili kuuamuru, na mwanafunzi asiyefikia hapo hastahili kurushiwa tiara mahali palipo na watu upande wa demani, hata awe amelipa kiasi gani.

Wale walioko pwani ni akina nani? Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na Paje na Jambiani ni miongoni mwa vijiji vilivyotangulia. Wengi wa wakulima wake ni wanawake. Hupigilia vigingi katika mchanga, hufunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na juu ya kamba hizo huning'iniza vipande vya mwani kimoja kimoja. Ni kazi ya kuinama kwa saa nyingi katika maji ya magoti au ya kiuno, na bei ya kilo ya mwani ni ndogo. Kazi hiyo hufuata maji: bamvu linapokupwa ndipo shamba linapofikika, na mkulima hana uwezo wa kuliahirisha.

Hapa ndipo penye kiini cha mgogoro. Mwanafunzi wa tiara naye hutafuta maji haya haya. Maji mengi humtisha, kwani hapati pa kusimama. Maji ya kiuno humfaa, maana akianguka huinuka, na mwalimu anaweza kusimama kando yake akamshika mkanda. Maji ya kiuno hupatikana ndani ya mwamba wakati bahari imepungua, yaani katika saa zile zile ambazo akina mama wamo mashambani. Kwa hiyo wanaosema kwamba bahari ni pana na kila mtu ana nafasi yake hawajasimama Paje wakati wa kusi. Bahari ni pana kwa anayejua. Kwa anayejifunza ni ukanda mwembamba, na ukanda huo ulikwisha limwa kabla yake. Hata bahari inapojaa tatizo haliondoki, kwa sababu vigingi na kamba za mwani hufunikwa na maji, na asiyejua shamba lilipo huupitisha ubao wake juu yake. Pezi za ubao zikinasa kamba, mchezaji huanguka na kamba hukatika. Yeye huinuka akaenda zake hotelini, na hasara hubaki kwa aliyefunga ile kamba.

Fikiri juu ya mama aliyeinama, mgongo wake ukiwa upande wa upepo, masikio yamejaa sauti ya mawimbi. Kumtaka mtu huyo awe mlinzi wa usalama wake dhidi ya kitu kinachotokea nyuma yake kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni dhihaka. Nahodha wa ngalawa hawezi kugeuza tanga ghafla. Mtoto wa miaka mitano hajui demani ni wapi. Katika watu wote waliomo ufukweni, mwenye tiara peke yake ndiye aliyechagua kuileta hatari, na ndiye pekee mwenye kifyatuo cha kuikomesha.

Mchezo wenyewe, kwa bahati njema, una kanuni zake, nazo ni nzuri. Waogeleaji na watumiaji wengine wa maji hutangulizwa. Anayetoka pwani kuingia majini hupishwa na anayerudi. Wawili wanaokutana, aliyetanguliza mkono wa kulia hushika njia yake na mwingine hupisha. Aliye upande wa goshi huinua tiara yake juu, na aliye demani huishusha, ili kamba zisikutane. Anayetaka kuruka lazima awe na nafasi tupu kubwa upande wa demani. Tiara haiachwi mchangani bila kulemewa kwa mchanga, wala kamba hazitandazwi katika njia ya wapita kwa miguu. Kanuni hizi hujulikana na kila mwalimu anayestahili jina hilo, na mafunzo ya mwanzo, ambayo kwa kawaida huchukua muda wa saa 9 hadi 12, huzigusa zote.

Lakini anayetutia wasiwasi zaidi si mwanafunzi aliye siku ya kwanza, ambaye mwalimu amemshika mkanda. Ni yule aliyemaliza siku tatu za mafunzo, akasimama juu ya ubao mara kumi, akajiona amehitimu, kisha akaenda kukodi tiara bila msimamizi kwa sababu likizo yake inakwisha Jumapili. Huyu anajua kuondoka lakini hajui kurudi mahali alipoondokea. Hujikuta kila mara akisukumwa demani, mbali na eneo la mafunzo, mpaka kwenye mashamba au mbele ya watu wanaooga. Anayemkodisha mtu wa namna hii bila kumtaka kwanza aonyeshe kwa vitendo kwamba anaweza kurudi alikotoka na kukitumia kifyatuo, huyo amekodisha hatari kwa jirani zake na kuiweka kodi mfukoni.

Wapo watakaosema kwamba kuweka masharti kutawafukuza wageni, na kwamba vijana wa Paje watapoteza kazi. Vijana hao wapo kweli. Wengine wamekuwa walimu hodari wa mchezo huu, na ni fahari kwetu kumwona kijana aliyezaliwa hapo akimfundisha mgeni kuusoma upepo wa kwao. Lakini nchi ulikobuniwa mchezo huu haikuogopa kuweka masharti. Ufaransa, katika ukanda wa mita 300 kutoka ufukweni, mwendo wa vyombo hautakiwi kuzidi noti 5, yaani kama kilomita 9 kwa saa, na katika fukwe nyingi huwekwa njia maalumu zenye maboya za kuingilia na kutokea. Wageni wanaokuja kwetu wamezoea kutii masharti hayo kwao. Haielekei kwamba watakasirika kuyakuta Unguja, na atakayekasirika ni afadhali akasirikie mahali pengine.

Yanayotakiwa kutendeka si makubwa. Yatengwe maeneo ya kujifunzia, yawekewe maboya, na yachaguliwe kwa kuangalia kilichopo upande wa demani, wala si kilichopo mbele ya hoteli. Kwa kuwa kaskazi na kusi hazipigi upande mmoja, eneo la mafunzo lazima lihame msimu unapogeuka. Mchoro mmoja uliobandikwa ukutani mwaka mzima hautafaa. Saa za bamvu, mashamba yanapofanyiwa kazi, mafunzo yasogezwe mbali nayo. Kila anayejifunza avae kofia ngumu na fulana ya rangi moja inayoonekana kwa mbali, ili mvuvi na mkulima wamtambue na kujua kwamba bado ni mwanafunzi. Kila chuo na kila mkodishaji awe na bima inayomlipa anayeumizwa pwani, si mchezaji peke yake.

Na kamba ya mwani ikikatwa, ilipwe. Hili la mwisho lisidharauliwe kwa kuwa ni dogo kwa fedha. Siku mkodishaji atakapojua kwamba kila kamba iliyokatwa na mteja wake inatoka katika mapato yake, atakuwa mwangalifu zaidi katika kuchagua nani ampe tiara.

Mipaka hiyo isichorwe ofisini mjini peke yake. Kamisheni ya Utalii na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi zina wataalamu na mamlaka. Lakini wanaojua shamba la nani liko wapi, na maji hufika wapi siku ya ngapi ya mwezi, ni akina mama wa mwani, kamati ya wavuvi na Sheha. Waitwe pamoja na wenye vyuo vya tiara, wakae katika kikao kimoja, na ikiwezekana kikao hicho kifanyike pale pale ufukweni maji yakiwa yamekupwa na vigingi vikionekana. Muda unaofaa ni Aprili au Mei, wakati wa masika, wageni wakiwa wachache na wenye vyuo wakiwa na nafasi ya kusikiliza. Ikifika Juni, kusi itakuwa imeshika, na tiara zitakuwa hewani tena.