Mgeni Naye Ana Haki ya Kuujua Mji

Kila mwaka vijana kutoka Pemba, mashamba na bara huhamia Mjini Unguja kwa masomo au kazi. Jioni wengi wao hujifungia chumbani, kwani wameusiwa kwamba kutembea na marafiki ni upotevu. Usia huo una nia njema, lakini haukutimia.

Tuitazame Madina baada ya Hijra ya mwaka 622. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha Muhajirina na Ansari kuwa ndugu. Saad bin Rabii alipotaka kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake, Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Mgeni yule hakutaka kufadhiliwa tu. Alitaka kuingia katika maisha ya mji.

Basi kijana aliyeswali Magharibi kwa jamaa, kisha akaenda Forodhani na wenzake kula mishikaki na kupunga upepo wa bahari, hajatenda kosa. Kosa ni kuandamana na wanaomsahaulisha Isha. La kuogopwa zaidi ni upweke, kwani mpweke humfuata yeyote anayetangulia kumwita, na anayetangulia huenda asiwe mwema.

Lawama zisimwelemee mgeni peke yake. Sisi wenyeji husimama naye safu moja, tukishatoa salamu tukaondoka. Leo baada ya Ijumaa mshike mkono, muulize jina, umwalike matembezi ya jioni. Huo ndio udugu wa Ansari tunaousifu kila siku mimbarini.