Upepo, Kishada na Ubao



Huko Paje, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, upepo wa kusi huvuma kwa nguvu tangu Juni hadi Septemba, na ufuko hujaa watu wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na vishada. Wale kati yetu tuliojaliwa kufika huko tuliwatazama kwa muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Kishada chenyewe si kile cha karatasi wanachorusha watoto wetu. Ni bawa kubwa la kitambaa, lenye mirija iliyojazwa hewa ili lisizame, umbo ambalo ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walilipatia hataza mwaka 1984. Mchezaji hujifunga mkanda mpana kiunoni, hushika fimbo ya kuongozea, na miguu yake huikaza juu ya ubao.

Mtazamaji mgeni hudhani kwamba mtu huyo atakwenda kule upepo unakokwenda. Sivyo. Anaukata upepo kwa pembeni, anarudi alikotoka, tena kidogo kidogo anapanda kuelekea upepo unakotoka, jambo ambalo mabaharia wa pwani huliita kwenda bisho. Siri iko kwenye ubao. Upepo unamvuta upande mmoja. Naye anaegemea nyuma kwa uzito wa mwili wake wote, akiuchimbia majini ukingo wa ubao, na katika kushindana huko mwendo unazaliwa. Mwanafunzi asiyeweza kuukaza ubao huburutwa tu, kisha hurudi kwa miguu ufukoni, amebeba vyombo vyake. Wavuvi wetu wa ziwa Tanganyika, ambao upepo wa kusini huwasumbua kila kiangazi, wasingeshangaa.

Tunayaandika haya kwa sababu ya neno linalosikika sana katika makundi yetu ya sala: kujiachilia kwa Roho. Neno ni jema. Yezu mwenyewe, alipozungumza usiku na Nikodemo, alimfananisha mtu aliyezaliwa kwa Roho na upepo usiojulikana utokako wala uendako. Lakini wengine wamegeuza kujiachilia kuwa kulegea. Kijana haandai mtihani wa Serikali, kwa kuwa amefunga siku tatu. Baba wa nyumba anakopa bila kufikiri atalipa kwa nini.

Na lililo baya kuliko yote: mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye matibabu yake ya kawaida ni ya miezi sita, anaambiwa na yule anayemwombea kwamba kumeza vidonge ni upungufu wa imani. Anaacha mwezi wa pili, maana kikohozi kimepungua na anajiona amepona. Baadaye ugonjwa unarudi, pengine na ukali ambao dawa za kwanza haziuwezi tena, na watoto wanaolala naye chumba kimoja wamo hatarini. Tumezika watu wa namna hiyo. Katika maziko yao ilisemwa kwamba Bwana amewaita.

Sisi hatuoni hapo utii wowote kwa Roho Mtakatifu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamwagiza mgonjwa amwombe Mungu na papo hapo ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Kitabu hicho kimo katika Biblia yetu. Sijui wangapi kati ya wanaohubiri uponyaji wamekifungua.

Watakuwapo wa kutujibu kwamba tunataka kumfunga Roho kamba. Mfano wetu una kikomo, twafahamu: upepo hauna nia, bali Roho ni Nafsi, wala hatumikishwi na mtu. Tena kosa la upande wa pili lipo, hasa katika vyama vya walei kama hiki chetu, vyenye kamati, daftari za michango na sare nzuri, huku sala ikipungua. Kishada kilichokunjwa mfukoni hakimpeleki mtu popote. Ila kosa hilo halijamzika mtu mtaani kwetu.

Kuna jambo jingine tuliloliona Paje. Upepo ukizidi, mchezaji mwenye busara huchukua kishada kidogo zaidi, na kwenye fimbo yake kuna kifaa cha kujifungulia haraka. Waliojaliwa karama kubwa kati yetu, wale wanaosikilizwa na umati, ndio wanaohitaji zaidi padri wa kuwaongoza na wenzao wa kuwauliza maswali. Karama isiyokubali kuulizwa inatutia hofu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa makundi ya sala katika parokia zetu: kabla ya kumwekea mgonjwa mikono, wamuulize kadi yake ya dispensari iko wapi, na amebakiza dawa za siku ngapi. Zikiwa zimekwisha, mmoja wao amsindikize kesho yake asubuhi.