Mteja Hatafuti Dira, Anatafuta Fundi

Napinga biashara ndogo za Arua na Koboko kujaza ukurasa wa "Kuhusu Sisi" kwa dira na dhamira za Kiingereza. Mteja anayevuka mpaka kutoka Ariwara, Kongo, na pikipiki mbovu anataka kujua haya: fundi ni nani, ana uzoefu gani, gereji iko mtaa gani, na kazi ikiharibika nani atawajibika.

Wenzangu mnasema Kiingereza huleta heshima. Heshima gani, ikiwa mteja haelewi? Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Tukitumie! Wala msiniambie kizuri chajiuza: kisichojulikana hakinunuliwi.