Makala ya Fizi: sisi wachimbaji pia tunashika shoka

Kila asubuhi barabara ya kuingia Baraka inaonyesha kitu kile kile: mifuko ya makala juu ya baiskeli, juu ya pikipiki, juu ya vichwa vya wamama. Na kila mara watu wanasema neno lile lile: wakimbizi ndio wamemaliza miti. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunaomba neno hili lisemwe lote, si nusu.

Ni kweli, tangu 2015 kambi ya Lusenda, na nyuma yake Mulongwe, zimepokea maelfu ya ndugu kutoka Burundi, na mkimbizi naye anapika. Lakini mwenyeji wa Baraka anapika na nini? Anayekausha samaki, anayechemsha mawese, anayechoma matofali, wote wanatumia kuni. Hata Bukavu na Uvira, kwenye umeme wa Ruzizi unafika, sufuria ya maharagi ingali juu ya mbabula.

Na sisi je? Shimo la dhahabu pale Misisi halisimami bila miti. Tunakata ya kushikilia udongo usituangukie, tunakata ya kujenga vibanda, kisha tunanunua makala ya kupikia watu wa shimo. Na msitu wa Ngandja na ule wa Kabobo haiko mbali na machimbo.

Katika tanuru ya udongo, kilo kumi za miti mara nyingi zinatoa kilo moja ao mbili tu za makala. Zingine zinakwenda moshi. Mlima ukibaki uchi, mvua inateremsha udongo mpaka ziwani, kandokando kule samaki wanazalia. Mwezi wa ine 2020 tuliona mito ya Uvira ikibeba manyumba na watu. Mvua ilikuwa nyingi, lakini mlima bila miti haushiki maji. Kwetu wachimbaji hatari ni mara mbili: udongo ukilowa, shimo linajifunga na watu ndani.

Kukataza makala peke yake hakusaidii. Mama wa mfuko mmoja atalipa faini, tajiri wa lori atapita. Kodi inalipwa njiani, lakini miti iliyopandwa na ile pesa hatujaiona. Wakubwa wa sekta watuonyeshe hesabu.

Mashirika nayo yasikie: ukimpa mkimbizi unga bila kitu cha kuupikia, umemtuma msituni. Mbabula za udongo zinazokula makala kidogo zifundishwe kambini na mtaani. Maganda ya ngazi yanayotupwa penye kukamua mawese, nayo yanawaka vizuri.

Lakini tuanze nyumbani kwetu. Code minier ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamwomba mchimbaji mdogo naye alinde mazingira. Basi kila kooperative na kila PDG wa shimo atoe sehemu ya mapato kwa kitalu cha miche. Mikalitusi ipandwe kwenye vilima vilivyo wazi, mbali na chemchemi. Miaka sita ao saba tutakata nguzo zetu wenyewe bila kugusa msitu.

Ombi letu kwa wenzetu ni moja: shimo jipya lisifunguliwe kama kitalu hakijaanza.