Ulinzi wa Fedha za Simu ni Wajibu wa Nani?

Mkulima wa Soni auzaye kabichi na nyanya Dar es Salaam siku hizi aweza kulipwa kwa simu. Fedha hizo zikiibwa na matapeli, mara nyingi huambiwa kwamba mzembe ni yeye mwenyewe, katoa namba ya siri.

Jibu hilo ni jepesi mno. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa. Kwa hiyo laini ya tapeli nayo ina jina la mtu, na yupo wakala aliyeisajili. Wako mawakala wamwambiao mzee aweke kidole tena, eti mashine imekataa, kumbe yasajiliwa laini ya pili. Je, mzee huyo naye ni mzembe?

Mwananchi hana budi kuficha namba yake, na kupiga *106# ajue laini zilizo kwa jina lake. Lakini wakala hufanya kazi ya kampuni, na kampuni ndiyo ipatayo ada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humngoja mwizi akamatwe. Mkulima anataka fedha za mbegu kabla ya mvua. Kampuni iliyoshindwa kumsimamia wakala wake ndiyo impasayo kumrudishia.