Shanta la Hija Lipimwe kwa Mgongo

Msafiri wa Hija kutoka pwani yetu huagwa kwa dua, ubani na vifurushi. Shangazi huleta halua, jirani huleta visheti, na kila aletaye husema, "Hiki kidogo tu, hakina uzito." Wahenga walinena kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nami nilikosea. Nilipokwenda kuhiji nilinunua shanta la lita 60, kubwa kama la wapandao Mlima Kenya, kwa kuwa bei yake haikulipita sana lile dogo. Shanta kubwa halikubali kukaa tupu, likajazwa. Alasiri ya Arafa, saa ambayo Mwislamu huingojea umri mzima, wenzangu walikuwa wameinua mikono. Mimi nilikuwa nimeinama natoa kitu kimoja kimoja, naitafuta dawa yangu iliyozama chini kabisa. Jua likatua nami ningali nafunga kamba. Majuto hayo ninayo hadi leo.

Kwa maoni yangu, basi, shanta lipimwe kwa mgongo na safari, wala si kwa matakwa ya waliobaki nyumbani. Sanduku kubwa hubaki Makka. Mwezi nane wa Mfungo Tatu twaenda Mina, mwezi tisa Arafa, iliyo kama kilomita 20 kutoka Makka, kisha twalala Muzdalifa bila hema na kurudi Mina. Kwa siku hizo lita 25 zatosha: ihramu ya akiba, nguo moja, msala mwepesi, dawa, sabuni isiyo na manukato, mwavuli na maji. Kokoto za kurembea ni 49, au 70 kwa atakayekaa hadi mwezi 13, nazo huenea katika kifuko kidogo. Mzigo wote usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mwenye kilo 60 abebe kilo 6, na maji yamo humo.

Sasa umbo. Inamisha kichwa, upapase mfupa utokezao chini ya shingo, kisha mtu akupime kwa futi ya fundi cherehani hadi usawa wa juu wa nyonga. Shanta likae ndani ya kipimo hicho, lisigonge makalio. Mikanda ya mabegani iwe mipana yenye sifongo, kwani shuka ya ihramu haizuii michubuko. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya nyonga, ndiyo ibebe uzito. Zipu ifunguke mbele yote, usije ukafanya kama mimi. Kina mama wachague la mgongo mfupi na mabega membamba. Na kwa kuwa mashanta hufanana, shonea kipande cha leso.

Wako waulizao kama mikanda iliyoshonwa yaharibu ihramu. Mwanamume amekatazwa nguo iliyoshonwa kwa umbo la mwili, kama kanzu na suruali. Shanta ni mzigo, si vazi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudi Arabia ikatangaza vifo vya watu 1,301, wengi wao waliotembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Sisemi waliuawa na mabegi. Nasema katika jua lile kila kilo ina hesabu yake, hasa kwa wazee wetu.

Kabla ya kusafiri, litie shanta kilo 6 za unga, utembee adhuhuri kutoka Marikiti hadi Ngome ya Yesu na kurudi. Likikuchosha hapo, punguza. Na wewe uliye nyumbani, mpe hujaji dua. Hiyo ndiyo isiyo na uzito.